Takataka za mafuriko zisichomwe moto

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na ndugu zetu wanaojitolea kusafisha kingo za mto. Kazi yao naiheshimu. Lakini wiki iliyopita, siku tatu baada ya maji kushuka, walikusanya matete, vijiti na majani makavu yote yaliyoachwa na mafuriko, wakayatia moto. Nilifika na chekeche langu la kutafutia mbawakawa, wale wadudu wenye mabawa magumu, moshi bado unafuka. Niliumia sana.

Wengi hudhani kwamba majira ya baridi bondeni hakuna mdudu. Kwa sisi tunaotafuta mbawakawa, hayo ndiyo mavuno yenyewe. Wakati wa joto wametawanyika, wana mbio, na majani yanawaficha. Baridi ikiingia hujibanza chini ya magome, kwenye mashina ya nyasi ndefu na ndani ya magogo yaliyooza. Mto ukifurika huwazoa huko na kuwatupa ukingoni pamoja na takataka. Chukua konzi mbili tatu za takataka hizo, uzichekeche juu ya shuka jeupe. Mwanzoni utaona vumbi tu. Usiondoke, maana wengi hujifanya wamekufa. Baada ya dakika chache vumbi huanza kutembea.

Katika kuwatambua, rangi isikudanganye. Tazama mgongo kwanza. Mabawa magumu yakikutana kwa mstari mmoja ulionyooka katikati, huyo ni mbawakawa. Yakipandana, na mdomo ukawa mrija wa kufyonzea, ni mdudu wa kundi jingine. Na yule mwembamba mwenye mabawa mafupi kama kizibao, tumbo liko wazi na analiinua kama nge, ni wa familia ya Staphylinidae. Wapo wadogo mno ambao bila hadubini huwezi kuwatofautisha. Hao andika jina la familia tu, pamoja na tarehe na mahali, uishie hapo. Jina la kubahatisha huharibu daftari zima.

Mwezi uliopita, ndani ya gogo laini linalobomoka kwa kidole, nilimkuta mbawakawa aitwaye Carabus granulatus, ambaye Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, alimpa jina mwaka 1758. Alikuwa na urefu wa milimita 20 hivi, mweusi mwenye mng'ao wa shaba, amekunja miguu katika kishimo kilichomtosha yeye tu. Mgongoni ana safu za vinundu kama minyororo, na kati ya mnyororo na mnyororo kuna mstari mwembamba ulioinuka. Carabus cancellatus anafanana naye sana, na kwa miaka miwili nilikuwa nikiwachanganya. Siku hizi nashika lenzi nikatazama pingili ya kwanza ya kipapasio: ya cancellatus mara nyingi ni nyekundu, ya granulatus ni nyeusi. Huyu wangu ilikuwa nyeusi. Joto la kiganja likamwamsha, akanyoosha mguu mmoja, kisha wa pili. Nikamrudisha upesi na kumfunika kwa kipande kilekile cha gogo, kwa kuwa kila anapoamshwa hula akiba ya mafuta inayopaswa kumfikisha majira ya joto. Akifika salama, atawinda minyoo, konokono na lava wa wadudu wengine bondeni humo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasafishaji: chupa na plastiki ziondoeni zote, nami nitasaidia kubeba. Matete na vijiti visogezeni juu kidogo, mahali ambapo maji hayatafika tena, mviache hadi joto lirudi. Magogo yaliyooza msiyapasue. Na kama lundo ni lazima liondoke, nipeni siku moja nilichekeche kwanza. Jumamosi nitakuwa ukingoni tangu asubuhi na shuka langu jeupe. Lenzi ninazo mbili.

Mwalimu mstaafu, msomaji wenu wa siku nyingi