YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAUTI KATIKA USIKU WA BASHRAF

Kwa Mkurugenzi wa kampuni iliyoandaa onyesho la Jumamosi usiku,
Mji Mkongwe, Unguja.

Ndugu Mkurugenzi,

Tunalalamikia onyesho la taarabu ya ala tupu mliloliandaa Jumamosi. Wapigaji hatuna neno nao. Walifanya kazi yao na zaidi. Tunalalamikia mitambo, fundi wenu na mshereheshaji wenu.

Tangazo lenu lilisema wazi: bashraf na samai (vipande vya ala vilivyotungwa kwa sehemu sehemu) na taksim (kipande ambacho mpigaji mmoja hukibuni papo hapo), hakuna mwimbaji. Anayetoa shilingi 30,000 kwa tangazo kama hilo amekuja kusikia nyuzi. Mitambo lakini ilifungwa kana kwamba kuna mwimbaji yuko njiani na ala ni za kumsindikiza. Dumbak, ngoma ya mkono ambayo hata bila umeme inafika mlangoni, iliwekewa maikrofoni mbili. Kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayopigwa ikiwa imelazwa, ilipewa moja, ya aina ile ile aliyoshika mshereheshaji.

Kanuni ndiyo iliyoonewa zaidi. Ina nyuzi zipatazo 78, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake limekaa juu ya ngozi. Ngozi hiyo hulegea kwa unyevu wa bahari na hukaza ikipigwa na joto la taa, na nyuzi zote huhama nayo. Ndiyo maana kanuni hutuniwa pale pale jukwaani, taa zikiwa zimeshawashwa, kwa nusu saa isiyopungua. Nyinyi mlimpa mpigaji dakika kumi, na katika dakika hizo kumi spika zenu zilikuwa zinapiga disko. Alikuwa ameinama, sikio linakaribia kugusa nyuzi, ufunguo mkononi, na hausikii uzi anaouzungusha. Bashraf ilipoanza, nyuzi tatu za sauti moja zilikuwa zinapishana, hasa za juu, na waliokaa nyuma wakanong'ona kwamba mpigaji hajui. Mtu aliyetumia miaka kujifunza chombo kile hastahili kuvunjiwa heshima namna hiyo kwa sababu ya dakika ishirini alizonyimwa.

Kisha likaja geti. Fundi wenu aliiwekea njia ya kanuni kwenye mitambo geti la sauti, linalofunga maikrofoni kila sauti inaposhuka chini ya kiwango fulani. Kwa ngoma za bendi ya dansi linafaa. Kwa taksim ni kisu. Mpigaji wa taksim hushuka polepole, akafikia sauti ya mwisho, akauacha uzi ufe wenyewe, na wasikilizaji wanaojua huitikia "Allah!" baada ya uzi kunyamaza. Jumamosi uzi haukunyamaza, ulikatwa. Mara tatu tulisikia sauti ikitoweka ghafla kama mlango umefungwa, huku vidole vya mpigaji vikiwa bado juu ya nyuzi. Kanuni inataka maikrofoni ya kondensa, yenye kulishwa volti 48 kutoka kwenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti), ining'inie kiasi cha sentimita 40 juu ya nyuzi, bila geti lolote.

Udi nao, ala ya nyuzi yenye shingo fupi, ulipotea kabisa katika nusu ya pili. Spika ya jukwaani iliwekwa miguuni mwa mpigaji, ikilitazama tundu la udi. Tumbo la udi ni pango: sauti nzito ya spika inaliingia, inatoka, inarudi kwenye maikrofoni, na mitambo inaanza kuunguruma. Dawa ni kuisogeza spika pembeni, kupunguza sauti nzito kwenye njia ya udi, na kuelekeza maikrofoni kwenye daraja badala ya tundu. Fundi wenu alichagua njia ya mkato, akauzima udi. Nai, filimbi ya mwanzi, ilikuwa na tatizo dogo, maikrofoni ilikuwa mbele ya mdomo ikachukua pumzi kuliko sauti. Ingeshushwa kwenye matundu ya vidole ingetosha.

Mshereheshaji naye alihitaji kuelezwa bashraf ni nini. Kila khana (sehemu ya kipande) ikimalizika, ala hurudi kwenye taslimu (sehemu inayorudiwa kama kiitikio), kisha huenda khana nyingine. Yeye baada ya khana ya pili alidhani imekwisha, akaanza kushukuru wadhamini juu ya taslimu. Kwenye samai akataka ukumbi upige makofi, akahesabu nne nne. Samai ina mapigo kumi: dum (pigo zito) kwenye la 1, tak (pigo jepesi) kwenye la 4, dum la 6 na la 7, tak la 8. Makofi ya nne yanaiangukia vibaya kila mzunguko, na tulimwona mpiga rika (tari ndogo yenye visahani) akitazama chini ili asipoteze hesabu. Haya yametokea Unguja, ambako kundi la taarabu la Ikhwani Safaa lipo tangu 1905 na bashraf ndiyo ilikuwa ikifungua usiku wa taarabu. Watu wa kuwauliza wapo mtaani, hata simu haihitajiki.

Tunaomba mambo matatu. Rudisheni nusu ya bei ya tiketi, au rudieni onyesho kwa tiketi zile zile. Wapeni wapigaji rekodi ya kila njia kama ilivyoingia kwenye mikisa, kabla ya geti, iwapo fundi aliihifadhi, kwa sababu huenda taksim zile bado zimo nzima. Na onyesho lijalo mpangilio wa jukwaa muutake kwa kiongozi wa kundi siku mbili kabla, ukumbi uwe kimya kwa dakika 40 za kutuni, na fundi akae na wapigaji kwenye majaribio mpaka kipande kimoja kizima kipigwe, si "moja, mbili, tatu" kwenye maiki.

Tunangojea jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14. Nakala za tiketi tumeziambatisha.

Wenu,
Wasikilizaji 14 wa safu ya pili na ya tatu