Malalamiko: bodi yangu ya kompyuta ya zamani, Commodore 64, iliyounguzwa mezani kwenu

Kwa Meneja,
Duka na Karakana ya Vifaa vya Elektroniki,
Tawi la Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUNGUZWA KWA BODI YANGU NA MAJIBU NILIYOPEWA KAUNTA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima na biashara inakwenda. Mimi pia nilikuwa mzima mpaka nilipofika kwenye meza yenu ya uchunguzi.

Utaratibu wenu wa kupokea vifaa unaujua kuliko mimi. Umebandikwa ukutani nyuma ya mashine ya risiti, kwa hiyo sitapoteza karatasi kuurudia. Kadi ya kazi mnayo, nakala yake ninayo. Naomba tu uisome ile sehemu ya maelezo ya mteja, ambako niliandika kwa kalamu nyekundu na herufi kubwa: UMEME WAKE UMO NDANI YA BOKSI, USITUMIE MWINGINE. Dada wa mapokezi aliyasoma maneno hayo kwa sauti, kisha akagonga muhuri.

Kijana wenu akaitoa bodi kwenye boksi. Umeme wake, yaani adapta yake yenyewe, akauacha humohumo. Akavuta adapta ya king'amuzi iliyokuwa ikining'inia pembeni ya meza, akabana klipu za mamba kwenye miguu ya kapasita ya laini ya volti 5. Mimi niko nyuma ya kioo, na adapta imeandikwa volti 12, nayaona maandishi yake nilipo. Nikasema, "Kijana, subiri, hiyo bodi inakula volti tano!" Alikuwa na simu sikioni. Akaninyooshea kidole kimoja, kile cha kumwambia mtu ngoja kwanza, akawasha swichi.

Kabla sijaendelea, nieleze kilichokuwa mezani, maana katika ujumbe wenu wa WhatsApp mmekiita "bodi ya mtumba". Si mtumba. Ni nakala ya bodi namba 250407 ya Commodore 64, imechapishwa upya, na nimeichomea mwenyewe kuanzia rezista ya kwanza. Kompyuta yenyewe ilitoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 1982. Ya kwetu aliileta Unguja marehemu baba mdogo kutoka Ujerumani Magharibi. Haina skrini yake, hutazamwa kwenye televisheni, na wakati huo sisi Unguja tulikuwa na kituo cha televisheni wakati Bara bado hamna (hilo nalisema kwa mapenzi tu). Hewa ya bahari iliila bodi ya awali mpaka njia za shaba zikawa unga wa kijani. Zilizosalimika ni chipu. Nikazing'oa moja moja, nikazipandikiza kwenye soketi za bodi mpya: prosesa 6510, chipu ya picha 6569, ya sauti 6581, na PLA, chipu inayoamua prosesa isome kumbukumbu ipi. RAM, yaani chipu za kumbukumbu, ndizo zilizokuwa zimekufa, ndipo nikanunua nane mpya za aina ya 4164. Nilizinunua kwenu, Meneja. Risiti nimeambatanisha.

Mtasema bodi ililetwa mbovu. Ndiyo, nikiiwasha kawaida skrini ilikuwa nyeusi. Lakini skrini nyeusi ya Commodore 64 haimaanishi maiti. Nilikuwa nimeshapima: volti 5 ipo, volti 12 inayotoka kwenye kidhibiti volti 7812 ipo, mguu wa 40 wa prosesa, ule wa kuianzisha, unakaa chini kidogo kisha unapanda inavyotakiwa, na mapigo ya saa yanaingia mguu wa kwanza, karibu megahezi moja. Nikachomeka katriji ya uchunguzi, ile inayofanya kazi hata kama Kernal (programu ya msingi ya mashine) haisomeki na RAM ina kasoro. Skrini ikamemeta mara nne. Fundi anayeijua katriji hiyo anajua maana yake: biti namba 4, yaani chipu iliyo nafasi ya U23. Chipu moja tu, na ni ya kwenu. Ili skrini imemete hivyo ni lazima prosesa, PLA na chipu ya picha vyote viwe vinafanya kazi. Bodi inayoweza kukutajia chipu mbovu ni bodi hai.

Nikaichomoa ile ya U23, nikaipitishia pamba yenye asetoni. Maandishi yote yakahamia kwenye pamba. Chini yake pakabaki mikwaruzo ya msasa. Nikachukua moja ya 4164 za zamani, zile zilizokufa za baba mdogo, nikaisugua kwa asetoni hiyohiyo, maandishi yakabaki palepale. Sasa nani anauza chipu zilizofutwa na kuandikwa upya, nakuachia wewe ujijibu.

Kwa hiyo nilichokuja kuomba kilikuwa kidogo sana: mnibadilishie chipu hiyo moja kwa dhamana yenu ya siku 30, na nyingine saba mzitazame kwenye osiloskopu yenu, ile mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme, maana kama mmoja katika boksi ni bandia, ndugu zake nao nawatilia shaka. Hayo tu. Nikalipia uchunguzi nusu, kama mnavyotaka.

Narudi kwenye kile kidole, kwa sababu tangu siku ile sijakisahau.

Foleni ilikuwa na watu. Nyuma yangu alikuwapo bwana mmoja na subwoofer yake, na mama mwenye pasi. Kijana wenu anazungumza na simu habari za tiketi za mechi, anacheka, na mkono mwingine unatafuta pa kubana klipu. Nagonga kioo. Nasema volti tano, volti tano. Bwana wa subwoofer naye akamwambia, "Fundi, mzee anakuita." Ndipo akanyoosha kidole, hata hakugeuka, akawasha. Pakatokea sauti ndogo, kama mtu kavunja njiti ya kiberiti, na harufu mnayoijua. Hakuzima papo hapo. Alimaliza sentensi yake kwenye simu kwanza! Kisha akazima, akagusa RAM kwa kidole kilekile, kikamuunguza, akakipuliza, akacheka. Akaniambia, "Mzee, hii ilikuwa na shoti."

Haikuwa na shoti. Shoti mmeitia ninyi. Chipu ndogo za mantiki za 74LS zilizomo kwenye bodi na hizo 4164 kikomo chao ni volti 7, fundi yeyote anayesoma karatasi ya chipu analijua hilo. Mmezipa 12.

Nikaomba kumwona msimamizi. Akaja dada wa kaunta, yuleyule aliyesoma maneno yangu mekundu kwa sauti. Nikamwonyesha kadi ya kazi. Akaitazama bodi, akanitazama mimi, akasema maneno ambayo nayaandika hapa kama yalivyo: "Ilikuja haiwaki, inaondoka haiwaki. Mzee umepoteza nini?" Watu wakacheka. Mama wa pasi peke yake hakucheka. Kisha akaniambia laptop za mtumba zimejaa mtaani kwa bei nzuri, nikitaka atanielekeza.

Na baada ya hapo, Meneja, akanidai nusu iliyobaki ya ada ya uchunguzi. Nikalipa. Boti ya saa kumi ilikuwa inaningoja na bodi yangu ilikuwa upande wenu wa kioo.

Kuhusu ile 4164 ya bandia, niliyokuwa nimeiweka kwenye mfuko wake mdogo, aliirudisha juu ya kaunta na kusema chipu iliyofutika maandishi haina dhamana. Nikamwambia maandishi yamefutika kwa sababu yalikuwa ya uongo. Akasema hiyo ndiyo sera. Sera gani hiyo? Ukibaini wizi, basi ushahidi wa wizi ndio unaokunyima haki? Kama ndivyo ilivyoandikwa pale ukutani, naomba mniandikie kwa barua yenye muhuri, nitaiwekea fremu.

Nilipofika nyumbani niliipima upya. Laini ya volti 5 ilikuwa imeungana na ardhi. Nikachomoa chipu moja moja kutoka kwenye soketi na kupima kila mara. RAM mbili zimepasuka mgongoni. Nilipotoa PLA kipimo kikapanda kidogo, nilipotoa ile ya sauti kikapanda sana. Chipu ya picha huenda imenusurika, kwa kuwa volti 5 yake inatoka kwenye kidhibiti kingine, 7805, kinacholishwa na umeme wa volti 9 wa AC, ambao kijana wenu hakuuunganisha kwa sababu aliuacha ndani ya boksi. Sijathubutu kuijaribu. Ikiwa hai, haitakuwa kwa hisani yenu. Katriji ya uchunguzi sasa haimemeti hata mara moja.

Nilipopiga simu huduma kwa wateja, kijana mwingine aliniuliza kama betri inashika chaji. Ndugu yangu, nimemweleza kwa utulivu kwamba mashine hii haina betri. Akasema atafungua tiketi. Tiketi hiyo imefunguliwa na imefungwa, imeandikwa "tatizo limetatuliwa".

Sijui kama mnaelewa 6581 ni kitu gani. Ni chipu ya sauti aliyoibuni Bob Yannes pale MOS Technology, na sauti yake haifanani na ya chipu nyingine yoyote, ndiyo maana watu mpaka leo wanaitafuta. Commodore ilifilisika Aprili 1994. Hakuna kiwanda kinachoitengeneza. Zinazopatikana ni za kung'oa kwenye mashine nyingine, na kati yake bandia ni nyingi kama zile 4164 zenu. Ile iliyoungua ilitoka Ujerumani mkononi mwa baba mdogo, ikavuka bahari, ikastahimili chumvi ya Unguja miaka yote hiyo. Adapta ya king'amuzi ndiyo iliyoimaliza. Halafu naulizwa nimepoteza nini!

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kudai vitu viwili: ada yangu ya uchunguzi na 4164 nane halisi. Hivyo nilivyoandika kwenye rasimu. Nimeisoma tena na naona nilikuwa mpole mno. Nadai hivi:

Mnirudishie ada yote ya uchunguzi, nusu zote mbili. Mnirudishie fedha za 4164 zote nane, wala sizitaki nyingine kutoka kwenye boksi lenu. Mnilipie PLA, prosesa na chipu ya sauti kwa bei ya soko ya chipu halisi, iliyopimwa na kuonekana inafanya kazi, pamoja na usafirishaji na ushuru, na kama 6569 nayo itaonekana imekufa, iongezwe. Na mniandikie barua ya kuomba radhi, yenye jina la tawi, inayokiri kwamba maelekezo ya kadi ya kazi hayakufuatwa. Si ujumbe wa WhatsApp wenye kikatuni cha mikono iliyokunjwa.

Nilitaka niishie hapo. Lakini nikikumbuka kicheko cha foleni naongeza jingine: dada wa kaunta aniombe radhi mwenyewe, pale pale kaunta, mchana, watu wakiwapo. Nitapanda boti kwa gharama yangu.

Mnazo siku 14 tangu siku ya muhuri wa kupokelewa kwa barua hii. Zikipita, sitapiga simu tena kuzungumza habari za betri. Nitakwenda Tume ya Ushindani na malalamiko mawili tofauti: moja la huduma, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na jingine la kuuza bidhaa bandia, ambalo wao hulifuatilia kwa kuja dukani na kufungua maboksi. Pamba yenye maandishi ya 4164 nimeihifadhi kwenye mfuko uliofungwa, pamoja na chipu yenyewe. Bwana wa subwoofer amenipa namba yake na amesema yuko tayari kueleza alichokiona. Kuna pia kundi la mafundi wa Zanzibar na Dar ambalo wengi wao wananunua vipuri kwenu. Mpaka sasa sijaandika humo neno hata moja, kwa heshima. Heshima hiyo nayo ina siku 14.

Hilo la mahakama silitaji leo. Mtalikuta kwenye barua ya pili.

Wasalaam,

Mteja wenu wa Unguja,
mwenye kadi ya kazi iliyoambatanishwa.

Viambatanisho: nakala ya kadi ya kazi, risiti ya 4164 nane, risiti mbili za ada ya uchunguzi, picha za chipu kabla na baada, picha ya pamba.

Nakala: Tume ya Ushindani, Dar es Salaam. Bahasha imeshaandikwa anwani, itatumwa siku ya 15.