Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Kulinda Kware wa Porini

Ndugu wanachama, hamjambo, na asanteni mliofika. Nasema mliofika kwa sababu tumo 17 chini ya mwembe huu, na daftari lina majina 64. Akidi ni 22, kwa hiyo hata leo haikutimia, ila nitasoma.

Ya kawaida mnayajua. Tulizuru mashamba ya Ganda, Kakuyuni na Gongoni, huku kwetu Kilifi, tukawakanya watoto kuhusu mitego ya kitanzi, tukaandika barua mbili ambazo hazijajibiwa. Wanachama 9 wameacha ukanda wa nyasi wa hatua kumi mipakani, haulimwi wala hauchomwi. Wengine waliahidi.

Sasa lile linalosemwa vibarazani nikiwa sipo. Ni kweli, zile shilingi 12,000 za kununua kware wa vizimbani tuje tuwaachie mashambani, nilikataa kuzitoa. Kware wa biashara, wale wa ile homa ya kufuga kware ya 2013 na 2014 mayai yalipouzwa kama dawa ya kila ugonjwa, wengi wana asili ya Japani. Si hawa wadogo wetu wa porini wanaokuja na mvua. Wamefugwa vizazi na vizazi hadi wengi wao wamesahau kuatamia. Mama yao ni mashine ya kuangulia mayai. Ukimwachia ndege huyo Kakuyuni umemwandalia nguchiro chakula cha jioni. Na bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, ambaye angesimama mbele ya hakimu ni mimi, si mjumbe aliyeleta wazo.

Fedha hizo niliwalipa vijana wang'oe mathenge, ile miti ya miba inayovamia mashamba, kule Gongoni, maana chini ya mathenge nyasi haimei, na mlinzi wa kuzuia mbuzi Aprili na Mei. Shamba ni la shemeji yangu, ndiyo. Ndiye pekee aliyetoa ekari mbili bila kuuliza atapata nini. Mwezi Mei nilikuta kiota humo: kijishimo cha upana wa kikombe cha kahawa chini ya kichaka cha nyasi, mayai sita rangi ya chai ya maziwa, yana madoa ya hudhurungi. Niligusa moja, bado lina joto la mama. Wiki tatu baadaye yalibaki maganda tu, vifaranga washajiondokea kwa miguu yao. Katibu ni shahidi. Mwaka uliopita pale hapakuwa na kitu ila miba.

Mnauliza mbona sikuitisha mkutano. Niliitisha mara tatu. Walikuja 11, kisha 14, kisha 9. Wengine kwenye simu walikuwa "njiani" hadi magharibi.

Hesabu: salio la mwaka jana 8,200, ada 15,000, jumla 23,200. Kazi ya Gongoni 12,000. Nauli, chai, viti na daftari 9,750. Zimebaki 1,450. Ada ni 600 kwa mwaka. Waliolipa ni 25, deni ni 23,400, na baadhi ya wadaiwa ndio wenye sauti kubwa kuhusu zile 12,000.

Mwakani, Mungu akipenda, tutatafuta mashamba zaidi, na tutazungumza na wanaopiga dawa kwenye kunde, kwani kifaranga cha kware huishi kwa wadudu. Pengine na mfadhili atapatikana.

Mweka hazina amekaa pale karibu na birika. Anatoa risiti.

Mwenyekiti