Solo ya noti moja: barua kwa wanaobishana kuhusu Neil Young

Mhariri,

Nimesoma barua za wasomaji wako kuhusu Neil Young, mwimbaji na mpiga gitaa mzaliwa wa Kanada, na naona pande mbili zimeshikana mashati bila kugusa kiini cha jambo. Upande mmoja unasema mzee huyu ni wa miaka ya 70 tu, sauti yake inatokea puani, solo zake (vile vipande gitaa linapoongoza bila kuimba) angezipiga mwanafunzi wa wiki ya pili, na kinachombeba ni kumbukumbu za waliokuwa vijana enzi hizo. Upande wa pili unamtetea kama nabii: kila alichogusa ni dhahabu na asiyempenda hana masikio. Wote wanamjadili mtu. Nyimbo zenyewe zilivyoundwa hakuna aliyezigusa, na sababu ya kuendelea kusikilizwa imo humo humo. Yeyote mwenye gitaa, au hata spika ya kuaminika, anaweza kuipima.

Nianze na hiyo solo inayochekwa. Wimbo wa Cinnamon Girl ulitoka mwaka 1969 katika albamu ya Everybody Knows This Is Nowhere, ya kwanza aliyorekodi na bendi ya Crazy Horse. Solo yake ni noti moja, D, inayorudiwa na kurudiwa. Wanaocheka hawajaangalia gitaa limetyuniwaje. Nyuzi mbili za pembeni, wa sita na wa kwanza, zimeteremshwa kutoka E hadi D, kwa hiyo ukipanda kutoka ule mnene unapata D, A, D, G, B, D. Sasa uzi wa pili ukiubana freti ya tatu (freti ni vile vyuma vya shingoni) unatoa D ileile ambayo uzi wa kwanza unaitoa ukiwa wazi. Nyuzi mbili zinaimba noti moja lakini hazilingani kabisa, kwa sababu kidole huvuta kidogo ule uliobanwa, na hapo ndipo unapozaliwa ule mngurumo unaozunguka. Chini yake kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zinabadilika: D juu ya kodi ya G imetulia nyumbani, juu ya kodi ya C ni mgeni asiyetaka kuondoka. Noti haisogei, ila maana yake inasogea. Hilo mwanafunzi wa wiki ya pili halijui.

Anayetaka kujaribu afanye hivi. Teremsha uzi wa sita hadi ulingane na wa nne, oktavu moja chini yake. Kisha teremsha wa kwanza hadi ulingane na huo huo wa nne, oktavu moja juu. Ukimaliza, kagua tena zile nne za kati, maana mvuto kwenye shingo umepungua na zenyewe zimepanda kidogo. Wengi huruka hatua hii kisha wakalaumu gitaa. Nyuzi nyembamba hulegea na kugonga freti, kwa hiyo seti inayoanza na .010 (unene wa uzi wa kwanza kwa inchi) itakuvumilia kuliko ya .009. Kosa kubwa kuliko yote ni kupiga kodi ya G kwa umbo la kila siku. Freti ya tatu ya uzi wa sita sasa inatoa F. G imehamia freti ya tano, na uzi wa kwanza nao ni vivyo hivyo. Ama uifuate huko, ama uzizime nyuzi hizo mbili kwa kiganja. Ukishazoea utakuta wimbo wake wa Ohio umejengwa kwa utyuni huu huu, na Don't Let It Bring You Down pia, isipokuwa pale gitaa zima limeshushwa toni moja zaidi.

Wanaojadili solo zake pia humsahau aliyesimama pembeni. Katika Down by the River, inayopita dakika tisa, sehemu ndefu ya upigaji inazunguka kodi mbili tu, Em7 na A. Young anaanza solo kwa kugonga noti moja mara nyingi mfululizo, na kinachoizuia isichoshe ni gitaa la ridhimu, lile linaloshika kodi, la Danny Whitten wa Crazy Horse. Hapigi kodi zilezile kwa namna ileile. Anajibu, anakatiza, anaacha nafasi. Vaa vifaa vya masikioni na umfuate yeye mwanzo hadi mwisho, utausikia wimbo mwingine kabisa. Whitten alifariki Novemba 1972, na nafasi yake ikaja kushikwa na Frank Sampedro kuanzia 1975. Sampedro ni mpigaji mzito zaidi, hana ule wepesi wa kujibizana, ndiyo maana Crazy Horse ya baadaye inasikika kama ukuta.

Kuhusu ile sauti nzito ya gitaa la umeme, nimeona msomaji mmoja akiwashauri vijana wanunue pedali za mkwaruzo, vile vifaa vya kukanyaga vinavyoikwaruza sauti ya gitaa. Watapoteza pesa. Gitaa lake, aliloliita Old Black, ni Gibson Les Paul ya 1953 iliyokuwa ya rangi ya dhahabu kabla ya kupakwa nyeusi. Karibu na daraja ina pikapu (kinasa mtikisiko wa nyuzi) ndogo ya Gibson Firebird, kali na nyepesi kuanza kuvuma inaposikia sauti ya spika, na upande wa shingo ina pikapu ya aina ya P-90. Ina pia mkono wa Bigsby, ambao anaushika karibu muda wote na kuzitikisa nyuzi hata katikati ya kodi. Amplifaya ni Fender Deluxe ya 1959, kidude cha wati 15 hivi, chenye vitufe vitatu tu: sauti mbili na toni moja. Katika amplifaya za aina hiyo vitufe hivyo vinaingiliana. Hata kile cha chaneli usiyoitumia, ukikizungusha, mkwaruzo unabadilika. Ndiyo sababu alitengenezewa kifaa kinachoitwa Whizzer, kinachokaa juu ya amplifaya na kuvizungusha vitufe vyenyewe kwa mota huku yeye akikiamuru kwa mguu. Hakutaka kuweka kitu kingine njiani ambacho kingebadilisha sauti.

Kwa hiyo asiye na vifaa hivyo atafute amplifaya ndogo ya valvu, aipandishe karibu na mwisho, kisha apunguze mkwaruzo kwa kitufe cha sauti cha kwenye gitaa. Pedali yenye mkwaruzo mwingi huufanya uzi wa sita uliolegezwa hadi D uwe tope, na kodi zote zinasikika sawa.

Tugeukie upande wa pole, maana wengi wanamjua kwa Harvest. Nyimbo za msingi za albamu hii zilianza kurekodiwa Nashville Februari 1971, alipokuwa huko kwa kipindi cha televisheni cha Johnny Cash. Kenny Buttrey alikuwa kwenye dramu, Tim Drummond kwenye besi, Ben Keith kwenye gitaa la chuma la pedali, linalolazwa na kupigwa mtu akiwa amekaa. Linda Ronstadt na James Taylor, waliokuja kwa kipindi hicho hicho, wakaingia studio kuitikia. Taylor ndiye anayepiga ile banjo ya nyuzi sita katika Old Man. Albamu ilitoka Februari 1972, na Heart of Gold ikashika namba moja Marekani, mara pekee kwake kama msanii binafsi.

Heart of Gold inaonekana rahisi: Em, C, D, G. Inapowashinda watu ni kwenye harmonika. Mpiga bluzi akiambiwa wimbo uko G atachukua harmonika ya C, kwa sababu kwenye bluzi unapiga zaidi kwa kuvuta pumzi. Hapa haifai. Chukua ya G, piga moja kwa moja, pumzi nyingi ziwe za kupuliza. Kosa jingine ni kuujaza muziki. Sikiliza Buttrey anavyopiga kidogo, na Keith anavyonyoosha noti moja ya chuma mstari mzima. Anayepiga mkono wa kulia kwa madoido anauua wimbo. Na anayedhani ulizaliwa ukiwa hivyo asikilize onyesho la Massey Hall la Januari 1971, lililotolewa kama albamu mwaka 2007. Humo Heart of Gold ni kipande kilichounganishwa na A Man Needs a Maid, na kinapigwa kwa piano. Mwaka mmoja na kidogo kabla haujawa namba moja, haukuwa hata wimbo wa gitaa.

Sauti yake, basi. Ni kweli si sauti nzuri kwa kipimo cha kwaya. Ni nyembamba, inakaa juu, na ikifika mwisho wa mstari inatetemeka. Ila ipime ikiwa ndani ya muziki wake. Gitaa limeshushwa hadi D, besi iko chini, mkwaruzo umejaza katikati. Sauti nzito ya kiume ingezama humo. Ya kwake inaelea juu ya vyote hivyo na kila neno linasikika, hata pale Crazy Horse wanapopiga kwa nguvu zao zote. Sauti ya namna hii pia haina urembo wa ujana wa kupoteza. Mtu aliyezaliwa Novemba 1945 akiimba leo kwa ukavu kidogo, wimbo haubomoki, kwa kuwa haukujengwa juu ya noti ndefu za kujionyesha. Hiyo ni moja ya sababu za kudumu kwake ambazo mashabiki wenyewe hawazitaji, wakakimbilia kutaja Farm Aid, tamasha aliloanzisha na Willie Nelson na John Mellencamp mwaka 1985. Ni kazi njema, lakini haielezi kwa nini mtu anarudia santuri.

Sababu nyingine ni kwamba alikataa kurudia Harvest. Katika maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya mkusanyiko wa Decade wa 1977 alisema Heart of Gold ulimweka katikati ya barabara, naye akaona heri aelekee mtaroni. Mtaro huo ni albamu tatu: Time Fades Away (1973), On the Beach (1974) na Tonight's the Night (1975). Anayezisikiliza kwa mpangilio wa kutolewa atachanganyikiwa, kwa sababu Tonight's the Night kwa sehemu kubwa ilirekodiwa 1973, kabla ya On the Beach, ikawekwa kabatini. Ni albamu ya maombolezo ya Whitten na ya Bruce Berry, fundi wa bendi. Sauti inakosea, watu wanasogea mbali na maikrofoni, wimbo unayumba. Walirekodi wakipiga pamoja chumba kimoja na hawakurekebisha. Kuna wanaoita huo uzembe. Mimi naiweka juu ya Harvest, na sidhani ingestahimili hata robo ya usafishaji wa studio za leo.

Upande wa manabii nao una la kujibu. Miaka ya 80 akiwa na kampuni ya Geffen alitoa vitu ambavyo si vya kutetewa kwa upofu. Kampuni ilimshtaki mwaka 1983 ikidai dola milioni 3.3 kwa madai kwamba muziki wake haukuwa wa kibiashara na haukufanana naye. Kesi ilikuwa ya ajabu, lakini albamu ya Everybody's Rockin' haifiki hata dakika 25, na Landing on Water ya 1986 imezeeka vibaya kwa sababu ya sintesaiza na dramu zinazopiga kama nyundo. Albamu ya Trans ni habari nyingine. Alichuja sauti yake kwa mashine hadi maneno yakawa magumu kushika, na baadaye akaeleza kwamba ilihusu juhudi za kuwasiliana na mwanawe asiyeweza kusema. Ukilijua hilo albamu inafunguka, ingawa si nyimbo zake zote zinazofanana na jambo hilo.

Na hoja kwamba ni wa wazee tu inagonga mwamba miaka ya 90. Mwaka 1991 bendi ya Sonic Youth ilimfungulia maonyesho. Mwaka 1995 alirekodi albamu ya Mirror Ball na bendi ya Pearl Jam, watu walio karibu miaka 20 nyuma yake. Mwaka huo huo filamu ya Dead Man ya Jim Jarmusch ilitoka na muziki alioubuni papo hapo kwa gitaa huku akiitazama picha.

Kwa anayetaka kuanza, tahadhari mbili. Kwanza, kumbuka kwamba aliondoa muziki wake Spotify Januari 2022 kwa sababu ya upotoshaji kuhusu chanjo ya Uviko katika kipindi cha Joe Rogan, akaurudisha Machi 2024. Orodha za nyimbo zilizotengenezwa kipindi hicho zimemkosa. Pili, usiamini mwaka wa kutolewa. Hitchhiker ilirekodiwa usiku mmoja Agosti 1976 na kutolewa 2017. Homegrown ni ya 1974 na 1975, ikatoka 2020. Kuna waliozisifu kama "sauti yake ya uzeeni", jambo ambalo linachekesha kidogo.

Kisha chukua Like a Hurricane na uisikilize mara nne: ya studio katika American Stars 'n Bars (1977), ya Live Rust (1979), ya Weld (1991) na ya Unplugged (1993). Katika tatu za kwanza gitaa linazidi kuchukua nafasi hadi wimbo unakuwa kisingizio cha solo. Katika ya nne hakuna gitaa la umeme kabisa; yuko peke yake na kinanda cha kukanyaga kwa mguu. Ya Weld inapita dakika kumi, kwa hiyo mwenye haraka aanze na ya 1993, ndipo arudi nyuma.

Msomaji wako,
Mpiga gitaa la ridhimu