Mnara wa Chumbe una funzo kwa visiwa vya ziwani

Mhariri,

Wanaopanga utalii wa ukanda wa Ziwa Victoria, upande wa Kenya, hawana haja ya kutafuta mfano Ulaya ilhali kisiwa cha Chumbe kipo Zanzibar. Katika kisiwa hicho kidogo, kusini mwa mji wa Zanzibar, Waingereza walijenga mnara wa taa mwaka 1904 ili kuongoza meli, na mnara huo ungali umesimama karibu na msikiti mdogo uliojengwa kwa ajili ya walinzi wake, huku nyumba waliyoishi ikiwa imegeuzwa kituo cha kupokelea wageni. Matumbawe ya upande wa magharibi yalipewa ulinzi wa kisheria mwaka 1994, nao msitu umekuwa kimbilio la kaa wa nazi na paa nunga, mnyama aliye adimu sana.

Rusinga na Mfangano, visiwa vyetu vya ziwani, bila shaka vina watu wengi, na mfano huo wa Chumbe hauwezi kunakiliwa wote. Hata hivyo, Rusinga kuna kaburi la mwanasiasa Tom Mboya na Mfangano kuna michoro ya kale ya miambani, lakini msafiri anayepitia majini hawezi kuvifikia kwa utulivu ikiwa usalama wa safari hizo unatiliwa shaka. Usiku ziwa hujaa taa za wavuvi wa omena, ambazo huhamahama. Nahodha anahitaji taa isiyosogea. Naomba wenye dhamana watueleze ni taa ngapi za kuongozea vyombo zinazowaka kati ya Kisumu na Mbita, na nani huzikagua.

Msomaji,
Kisumu