Kikao cha kusoma: siku imebadilika

Assalaam aleikum ndugu zangu, wazazi na vijana wetu.

Kikao cha A Little Princess, riwaya ya Frances Hodgson Burnett ya mwaka 1905, hakitakuwa tena Ijumaa. Tutakutana Jumamosi saa kumi na nusu jioni, baada ya swala ya Alasiri, pale Mkunguni mbele ya Ngome ya Lamu. Wa Shela, tafadhali pandeni boti mapema.

1. Mchango ni shilingi 150 kila nyumba, za nakala za watoto na chai. Mpelekeeni mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.

2. Someni hadi pale Sara, msichana wa riwaya hii, anapookota sarafu ya peni nne matopeni. Ana njaa, baridi ya London imemwingia. Muuza mikate anampa skonzi sita badala ya nne, naye Sara anampa tano mtoto ombaomba mwenye njaa kumshinda yeye. Nawaomba sana sehemu hii msiipite mbio. Wasomeeni watoto kwa sauti, kisha waulizeni: kwa nini alibakiza moja tu? Mimi naiona heshima ya Sara hapo, kuliko katika nguo nzuri alizovaa wakati babake alikuwa hai.

3. Nahitaji wasomaji wawili, na mmoja wa kuleta mahamri.

Nijibuni hapa "nipo" au "sitaweza", pamoja na idadi ya watoto mtakaokuja nao, kabla ya Jumatano usiku, ili tujue tutoe nakala ngapi. Shukran.