Sio kila maumivu ya kiuno ni UTI

Mhariri naomba nafasi. Mdogo wangu ni bodaboda hapa Dodoma, anashinda juani kutwa maji hanywi, maumivu yakamshika kiunoni upande mmoja yanashuka mpaka kinenani, anajikunja kwenye mkeka jasho linamtoka, zahanati wakampa dawa za UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, mara tatu bila hata altrasaundi. Alipokuja kupigwa hiyo altrasaundi kumbe jiwe la figo, milimita 4! La chini ya milimita 5 mara nyingi linatoka lenyewe, akawa anachuja mkojo kwa kitambaa mpaka akalikamata, kama chenga ya mchele. Ila jamani maumivu hayo yakija na homa na kutetemeka usisubiri kukuche, wahi hospitali. Na nyie wa zahanati pimeni kwanza.

Msomaji, Nkuhungu, Dodoma